Nailoni ya Milango ya Pijo

Pijo ya Mzee Cleopa ilirudi kwenye kibanda cha fundi Anselmi wiki tatu tu baada ya kutoka, na safari hii ilirudi ikinuka. Harufu ilimfikia fundi kabla hata mlango haujafunguliwa, harufu ya zulia lililolowa kisha likafungiwa ndani kwenye joto. Aliweka mkasi mezani, akafuta mikono kwenye suruali, akatoka nje. Moyo wake ulikuwa umeshamwambia kilichotokea, ila hakutaka kuusikiliza.

Kibanda chake kilikuwa karibu na reli, hapo Kilosa mjini, na kazi yake ilikuwa ndani ya magari: viti, dari, mazulia na vile vibao vinavyofunika chuma cha mlango kwa ndani. Kwa kazi hiyo alikuwa na jina. Ndiyo maana Mzee Cleopa, afisa elimu mstaafu, alimkabidhi Pijo 504 yake ya mwaka sabini na nane, gari alilolitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Vibao vya zamani vilikuwa vimeoza vikabaki kama mkate uliochovywa kwenye chai. Anselmi alikata vipya vinne vya hadibodi, akavivika ngozi ya bandia ya rangi ya kahawia, akashona mistari ileile iliyokuwapo tangu kiwandani. Siku gari linatoka, watu walisimama kuangalia, na mzee alipitisha kiganja kwenye ule mshono kama anayempapasa mjukuu kichwani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Njoo uone."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Sehemu ya chini ya kibao ilikuwa imevimba, ngozi imejikunja, na zulia chini ya kiti lilitoa maji ulipolikanyaga. Upande wa pili wa gari alisimama Nickson, dereva wa mzee, mtu mzima wa miaka arobaini na kidogo. Alikuwa ameweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mzee Cleopa alikuwa na mtoto wa jicho, hakuweza kuendesha, na kwa miaka kumi na mmoja macho yake barabarani yalikuwa ya Nickson.

"Jumamosi tulilala Mikumi kwa binti yangu, Happyness," mzee alisema. "Mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Begi langu lilibaki humu, chini, nyuma ya kiti. Ndani ya begi kulikuwa na albamu."

Hakuhitaji kueleza albamu gani. Mkewe, Mama Evarist, alikuwa amefariki mwaka uliopita, ibada ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia, na kila aliyesali nao alijua kwamba picha zilipelekwa Mikumi ili Happyness achague za kusafishwa upya.

"Zimegandana zote," mzee alisema. "Ukiivuta moja, inakuja na uso wa nyingine."

"Mzee, vioo vilikuwa juu," Nickson alisema kwa sauti ya chini. "Nilivipandisha vyote vinne, nikazunguka nikavikagua kwa mkono."

"Maji yaliingiaje basi?"

"Sijui, Mzee. Ndiyo maana nasema fundi afungue milango tuone ndani."

Mzee Cleopa akamgeukia Anselmi. "Wewe ndiye mwenye ujuzi. Nakuuliza mbele yake, asije akasema nimemwonea. Kioo kikiwa kimepandishwa mpaka juu, maji yanaweza kuingia ndani ya gari namna hii?"

Anselmi alilijua jibu kama alivyolijua jina lake. Mlango wa gari lolote, hata jipya, hupitisha maji. Mvua huteremka na kioo, hupenya kwenye raba iliyochoka, huingia tumboni mwa mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasimwagikie ndani ni nailoni nzito inayobandikwa kwenye chuma, nyuma ya kibao. Mzee aliifuata nailoni hiyo Morogoro yeye mwenyewe, nyeusi, nene, mita nne pamoja na gundi yake, akaileta kibandani akiwa ameikunja vizuri kwenye gazeti. Na ile nailoni haikuwa milangoni. Wakati huo walipokuwa wamesimama pale, ilikuwa nyumbani kwa Anselmi, imetandazwa chini ya bati, juu ya kitanda cha mama yake.

"Kioo kikifungwa sawasawa," alisema polepole, "maji hayana njia, Mzee."

Nickson alimtazama. Hakubisha wala hakuapa. Alimtazama tu, kama mtu aliyeteleza akanyoosha mkono kushika mti na mti wenyewe ukang'oka.

"Umesikia," mzee alisema. "Nipe funguo."

&nbsp;

Kumwondoa Nickson kulichukua siku mbili, kwa kuwa yeye na mkewe Lightness walikuwa wanakaa kwenye vyumba vya uani kwa mzee. Siku ya pili jioni Raheli, mke wa Anselmi, alirudi kutoka bombani, akatua ndoo na kubaki ameinama kidogo, mkono kiunoni.

"Kaka Nickson ameondolewa."

"Nimesikia."

"Lightness amepata chumba huko nyuma ya soko. Nimekutana naye amebeba godoro kichwani, na ile mimba." Akajinyoosha. "Wanasema fundi ndiye aliyeulizwa, na fundi ndiye aliyejibu."

Anselmi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Baba Imani. Nakuuliza."

"Niliulizwa kama maji yanaweza kupita kioo kikiwa kimefungwa. Nikasema hayapiti."

"Na yanapita?"

Kutoka chumba cha pili alisikika Bibi Selestina akikohoa. Mama huyo aliteremka kutoka milimani mwezi wa pili kuja kukaa na mwanawe. Mvua za kwanza zilipopiga, bati la juu ya kitanda chake lilionyesha matundu yake. Hakulalamika. Asubuhi moja Anselmi aliingia kumsalimia, akamkuta amekaa kitandani, beseni mapajani, shuka limejikunja mgongoni, na alipomuuliza ameamkaje mama alijibu kwamba usiku ulikuwa mzuri. Anselmi akaenda kibandani, akarudi nyumbani na ile nailoni ikiwa kwenye gazeti lake, akapanda juu na misumari. Ni ya siku mbili tu, alijiambia, nitanunua nyingine. Siku ya tatu mzee alipita akisema gari linahitajika kesho. Anselmi akavibandika vibao juu ya chuma kitupu. Nani anafungua kibao kipya?

"Yanapita," alisema.

Raheli alitazama kuelekea chumba cha mkwewe. "Uliniambia ni mabaki."

"Nilikwambia."

"Na mimi nikaenda kuwasifia wenzangu kanisani. Nikasema mume wangu hata mabaki ya kazi anayaleta nyumbani." Aliinua ndoo, akaimimina kwenye pipa mpaka tone la mwisho. "Nenda kamwambie yule mzee."

"Nitakwenda."

"Lini?"

Anselmi akarudia kufunga ile kamba ya kiatu, naye Raheli hakuuliza tena. Tangu hapo hakumpigia kelele wala kumnyima chakula. Alimwekea sahani mezani, akasema karibu, akaenda kula jikoni na mama mkwe.

&nbsp;

Pijo ilikaa kibandani siku nne. Anselmi aliifungua akiwa peke yake, turubai ameliteremsha mbele ili wapita njia wasione. Alichomoa pini za mikono ya kupandishia vioo, akalegeza egemeo la mkono, akaingiza bapa la bisibisi nyuma ya kibao na kuziachia klipu moja moja. Tumbo la mlango likaonekana. Michirizi ya maji ilikuwa imeacha alama zake kwenye chuma, wazi kama njia ya mchwa ukutani, kutoka kwenye raba ya kioo mpaka ukingo wa chini na kutoka hapo kuelekea ndani. Mtoto wa darasa la nne angeonyeshwa alama hizo angesema maji yamepita wapi.

Safari hii alifanya kazi kama alivyofundishwa. Alizibua vitundu vya chini vilivyojaa tope la miaka, akabadilisha raba, akapaka gundi kuzunguka chuma chote, akabandika nailoni mpya aliyoinunua kwa fedha yake na kuikandamiza kwa kidole gumba mpaka kucha ikauma. Kisha akajaza jagi, akamwaga maji kwenye kioo mara tatu, na mara tatu akapitisha kitambaa kikavu kwa ndani. Kitambaa kilitoka kikavu. Kwa kawaida hapo ndipo fundi hutabasamu. Yeye alikaa kwenye kiti cha dereva, kilichokuwa kimebonyea kwa umbo la Nickson.

Mzee alikuja kuchukua gari na kijana wa kukodi. Alitaka kulipa, Anselmi akakataa.

"Kwa nini? Kosa si lako."

"Basi tu, Mzee. Nimesaidia."

Mzee Cleopa aliuchukua mkono wa fundi, akaushika kwa mikono yake miwili. "Watu wa namna yako wamebaki wachache," alisema. "Mungu akuzidishie."

Jioni ile Anselmi hakula.

&nbsp;

Jumamosi iliyofuata Lightness alifika nyumbani kwao. Alikuwa amebeba mapazia mawili ya rangi ya maziwa, yamepigwa pasi na kukunjwa. Anselmi alikuwa sebuleni, na mlango wa kutokea uani ulikuwa upande wa pili wa mgeni, kwa hiyo hakuwa na pa kupita.

"Dada Raheli, sijui kama utayataka," Lightness alisema. "Chumba nilichopata dirisha lake ni dogo, yananipwaya. Nimeona niyauze yasichakae bure."

Raheli aliyapokea, akayafungua, akayakunja tena. "Kaka yuko wapi?"

"Yuko Mikumi. Wale wenye malori wanapolala, anawaoshea. Anasema si haba." Akamgeukia Anselmi. "Fundi, mbona kimya? Usidhani nimekuja na kinyongo. Uliulizwa ukajibu unachokijua. Mtu asemeje tena?"

Anselmi alifungua mdomo. Aliona miguu ya Lightness iliyovimba ndani ya kandambili, akaufunga.

"Pole, shemeji," alisema.

"Tumeshapoa."

Raheli aliyanunua mapazia. Baada ya kumsindikiza mgeni mpaka njiani alirudi, akayaweka mezani mbele ya mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bombani sauti yake ilipanda.

"Kesho nitakaa naye benchi moja. Atanipa mkono wa amani. Niambie, Baba Imani, mkono huo niupokee kwa kiganja kipi?"

&nbsp;

Anselmi alikwenda kwa mzee asubuhi hiyo ya Jumapili, kabla ya ibada. Mzee Cleopa alikuwa barazani na sinia kubwa la kupepetea mchele mbele yake. Juu ya sinia alikuwa amepanga picha alizozinusuru, kila moja imewekewa kijiwe pembeni isipeperuke. Nyingi zilikuwa madoa ya rangi. Moja ilikuwa imebakiza kitenge na mkono uliokumbatia kibuyu. Kuanzia shingoni kwenda juu palikuwa peupe.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, fundi. Kaa. Hii ilipigwa siku tulipohamia hapa. Mkono naujua, uso ndio naukumbuka kwa kukisia."

Anselmi hakukaa. Alivua kofia, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoroka, yakabaki machache tu.

"Mzee, Nickson alivifunga vioo."

Mzee hakuinua kichwa.

"Sikuweka nailoni. Ile uliyoileta niliichukua. Maji yalipita nyuma ya kibao. Nilijua siku ile uliponiuliza. Nilijua kabla hujafungua mlango."

Jogoo alipita barazani, akadonoa kando ya sinia, na mzee akamfukuza kwa mguu bila kumwangalia.

"Nailoni yangu iko wapi?"

"Juu ya kitanda cha mama yangu. Panavuja."

"Ungeniomba."

"Niliona aibu."

"Ukaona aibu kuomba," mzee alisema, kama anayerudia hesabu ili aihakikishe. "Kusema uongo hukuona." Akakirudisha kijiwe kimoja mahali pake. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imechoka. "Nailoni ningeisamehe hapahapa nilipokaa. Hata hizi picha. Mke wangu hakuwa karatasi. Lakini nilikuuliza mbele yake, Anselmi. Nilikufanya hakimu kwa sababu macho yangu hayaoni, nawe ukanipa kisu nikamchinja mtu aliyenivusha mto Mkondoa ukiwa umefurika. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, uzembe wako umemuua mama yako mara ya pili. Nickson alikuwa anamwita mke wangu mama."

Anselmi alisimama akishika kofia.

"Unaendesha gari?"

"Naendesha, Mzee."

"Kaniletee koti. Limetundikwa nyuma ya mlango."

&nbsp;

Walipita njia ya kijiji cha Ulaya. Mvua ilikuwa imeacha madimbwi mekundu, na Anselmi aliyavuka polepole, akisikia maji yakipiga chini ya gari na kushindwa kuingia. Walipofika lami ya Mikumi mzee alimwambia apunguze mwendo.

Malori yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, mengine ya Zambia, mengine ya Kongo. Nickson alikuwa juu ya ngazi ya mbao, suruali amekunja mpaka magotini, anasugua kioo cha lori kwa brashi yenye mpini mrefu. Aliliona gari kwanza. Alilitazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyegombana naye, akateremka, akafuta mikono.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Nickson. Huyu ana neno."

Waosha malori wengine watatu walikuwa wamesimama na ndoo zao. Anselmi alitamani wasogee, kisha akaona kwamba hana haki ya kutamani hilo. Akasema palepale, kwa sauti ambayo wote waliisikia: nailoni, kitanda cha mama, vibao juu ya chuma kitupu, swali la mzee na jibu lake. Alipomaliza, mmoja wa wale watu akaguna na kutema mate pembeni.

Nickson alikuwa ameshika brashi, povu linamdondokea miguuni.

"Kwa hiyo vilikuwa juu," alisema.

"Vilikuwa juu."

"Vyote vinne?"

"Vyote, kaka."

Nickson akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Aliketi kwenye ngazi ya lori. "Nilikuwa nimeshaamini," alisema. "Mwanzo nilibisha. Kila siku nikawa navipandisha upya kichwani, kimoja kimoja, na kila siku kile cha nyuma kushoto nakiona kimebaki na upenyo. Juzi nilimpigia Lightness, nikamwambia, nisamehe, naona kweli nilisahau. Akalia. Akasema heri umekubali." Aliinua macho. "Mlinifanya nimwombe mke wangu msamaha kwa kitu ambacho sikufanya."

Mzee Cleopa alikuwa ameshika mlango wa gari. Aliuachia, akatembea hatua tano kwa kupapasa kwenye tope mpaka alipofika mbele ya dereva wake, akavua kofia yake ya sufu. Watu wale na ndoo zao walitazama chini, maana haipendezi kumwona mtu wa umri ule kichwa wazi mbele ya mtu mdogo kwake.

"Mwanangu, nimekukosea. Rudi nyumbani."

"Nimekusamehe, Mzee," Nickson alisema. Akainuka, akamrudishia mzee kofia kichwani kwa mikono yake miwili, akainyoosha vizuri. "Lakini kurudi hapana. Mvua itanyesha tena. Kitu kitalowa tena. Nitakuwa naendesha huku najitetea."

"Nickson."

"Hapana, Mzee. Nitakuja kukuona. Nitakuja kwenye kumbukumbu ya mama." Akamgeukia Anselmi, ambaye alikuwa hajui aweke wapi mikono. Hakumtukana. Pengine angemtukana Anselmi angepata pa kushika. "Wewe sikudai chochote. Ila nikimpigia Lightness sasa hivi nikamwambia sikusahau, ataona nimegeuka tena. Leo nakubali, kesho nakataa. Nenda ukamwambie wewe, kwa mdomo uleule."

Akachukua brashi, akapanda ngazi. Dereva wa lori alikuwa anamsubiri.

&nbsp;

Jua lilikuwa limeanza kulala walipofika Kilosa. Anselmi alimshusha mzee kwake, akamkabidhi funguo, naye akazipokea bila kumtakia jioni njema. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu, akapita soko lililokuwa linafungwa, akauliza kwa muuza mkaa, akaonyeshwa mlango wa mabati wenye kidirisha kidogo kisicho na pazia.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Anselmi. Fundi."

Kulikuwa na msukosuko mdogo ndani, mlio wa kitu kinachoburutwa, kisha mlango ukafunguka. Lightness alikuwa ameshika kigoda kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anakifuta vumbi kwa pindo la kanga. Alipomwona mgeni mwenyewe, amesimama na tope mpaka magotini, uso wake ukachangamka.

"Shemeji, umetuona jamani," alisema. "Pita, pita ukae. Dada Raheli hajambo? Ngoja nikubandikie chai, umetembea mbali kwa ajili yetu."

Akamwekea kigoda mahali pazuri, karibu na mlango penye hewa, akageuka kutafuta sufuria.